Kadi ya Ndege na Msumeno wa Rodah

Nimemaliza. Mwezi uliopita nilimpa Rodah funguo za karakana ya Kangemi, nikampa binti yangu Nafula funguo za duka la tauni, kule mjini, nikabaki na ufunguo wa nyumba yangu ya Uthiru peke yake, na hata huo mke wangu anasema ni wake. Nyinyi mlioko kwenye benchi mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimeandika kwa mkono kwenye daftari, Nafula akapiga chapa. Nilimwambia asinirekebishe. Shule niliachia darasa la nne, na Kiswahili changu kimenilisha miaka yote hii bila kulalamika.

Sitawaambia duka nililipata vipi wala lilinipa ngapi. Nitaandika juu ya kadi ya benki, kwa sababu kila wiki mmoja wenu ananiuliza, "Mzee, ni kweli ulimpeleka Rodah China kwa pointi?" Ni kweli. Lakini mnavyolisimulia sivyo lilivyokuwa, na wengine wenu sasa mnataka kadi zenu bila kujua mnataka nini. Kwa hivyo nitaanza mbali kidogo.

Nilijifunza kusuka mota, yaani kuzungushia upya waya wa ndani ulioungua, kwa Mzee Njuguna, katika kichochoro nyuma ya maduka ya tauni. Siku ya kwanza alinipa mota ya pampu iliyoungua, akaniambia nitoe waya wa zamani. Nikachukua patasi na nyundo, nikakata koili zote, nikazitoa safi kabisa. Nilijiona fundi.

Akaja, akachungulia. "Raundi ngapi?"

"Sijui, fundi."

"Waya unene gani?"

"Sijui."

"Basi hii mota imeuawa mara mbili. Moto umeiua kwanza, halafu wewe, mtu wa Bungoma."

Akanimwagia yale mabaki chini, akaniambia nihesabu ncha za waya nilizokata, moja moja, mpaka nijue kila koili ilikuwa na raundi ngapi. Nilihesabu siku mbili. Tangu hapo sijakata kitu kabla ya kuhesabu, isipokuwa mara moja nilipokaribia, na hiyo nitaifikia.

Jambo la pili alilonifundisha ni kibao. Mnajua kila mota ina kibao cha chuma ubavuni kinachosema nguvu yake. Mwenye kinu kimoja cha Kabiria alikuja akitaka tubandike kibao cha mota kubwa kwenye mota ndogo, aiuze. Alikuwa na pesa mkononi. Mzee Njuguna alimwambia, "Kibao kinasema kilicho ndani. Kikisema kingine, mimi ni mwizi mwenye nyundo." Yule mtu akaenda kwa jirani, na jirani akabandika. Jirani huyo siku hizi ana ghorofa mbili. Nawaambia ukweli, sijasema uaminifu unaleta ghorofa.

Nilipofungua yangu Kangemi, Rodah alikuwa anatuuzia uji na chai. Alikuwa anatoka Kabiria na mitungi miwili, asubuhi na saa nne. Siku moja fundi wangu alikuwa anasukuma koili ndani ya mota kwa haraka. Rodah akaweka mtungi chini. "Unararua karatasi," akasema. Ile karatasi ndiyo inayozuia umeme usiguse chuma. Fundi akamwambia aende na uji wake. Rodah akamsogeza kwa kiwiko, akaziingiza zote polepole kwa kidole gumba, na karatasi haikukunjika hata kidogo.

Mimi sikufurahi. Nilishuku ametumwa na mtu wa kunichukulia wateja. Nilimpa kazi, lakini miezi mitatu nilimpa feni za mezani tu, kitu ambacho akiiba siri yake hakuna hasara. Feni za Rodah hazikurudi hata moja. Za mafundi wangu zilirudi. Ndiyo nikampa pampu.

Baadaye tukaanza kuleta mota mpya kutoka China, kwa sababu wateja hawakutaka tena kusubiri kusukiwa. Safari ya kwanza nilienda mwenyewe. Kiwandani walinifungulia mota moja mbele yangu, ndani shaba inang'aa. Wakanipeleka ofisini, wakanipa chai ya majani makubwa, tukacheka kwa mikono kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Huku nyuma wakapakia kontena.

Mota ya kwanza iliungua kwenye kisima cha shule moja upande wa Uthiru, kabla ya wiki kuisha. Rodah akaifungua, akakwangua waya kwa wembe. Juu nyekundu, ndani nyeupe.

"Baba Nafula, hii si shaba. Hii ni sufuria imepakwa rangi."

Aluminiamu, kama ile ya sufuria zenu za nyumbani. Nilizirudia mota zote nilizouza, moja moja, nikabadilisha kwa gharama yangu. Safari ya pili Rodah alitengeneza pasipoti tuende naye. Pesa ya nauli ikatosha mtu mmoja. Nilienda mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye duka. Nilichagua kiwanda kingine, nikakagua, nikanywa chai. Nilirudi na sufuria.

Rodah hakunitukana. Alisema tu, "Wewe unaangalia watu. Mimi naangalia waya." Kisha akarudisha pasipoti yake kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya kanisa, akaiweka chini ya benchi. Haikuwa na muhuri hata mmoja. Miaka iliyofuata, kila nikiinama kutafuta koleo nilikuwa naiona.

Basi hali ilikuwa hivyo. Mzigo wa tatu ukija mbaya tunafunga, na watu kumi na mmoja wanaenda nyumbani. Na aliyeweza kuuzuia alikuwa na pasipoti iliyobakisha miaka miwili tu na hana nauli. Sisi pesa yote ilikuwa kwenye mali. Hapo ndipo Nafula, aliyekuwa ameanza kushika ofisi, aliponiambia habari ya kadi.

"Baba, tunatumia pesa nyingi kila mwezi. Kuna kadi za mkopo, ukilipa nayo unapata pointi, na pointi zinakuwa tiketi ya ndege."

"Nani analipa hiyo tiketi?"

"Benki."

"Na benki inalipwa na nani?"

Akarudi kwenye risiti zake. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, na sijaacha mpaka leo.

Muuzaji wa kadi wa kwanza aliitwa Dennis. Viatu vyake vilichongoka mbele, na kabla ya kukaa kwenye benchi la wateja alilipanguza na kitambaa. Kadi yake ilikuwa nyeusi.

"Mzee wangu, hii ni kadi ya watu wakubwa."

"Wakubwa kwa urefu?"

Akacheka zaidi ya ilivyofaa. "Unalipa, pointi zinaingia. Unalipa tena, zinaingia. Uwanja wa ndege unakaa mahali pa wenyewe, unakunywa unachotaka. Mwisho wa mwaka uko Dubai!"

"Nani amekuambia nataka Dubai?"

Mnajua mota yoyote inazunguka vizuri ikiwa haina mzigo. Hata ya sufuria inaimba. Ukitaka kuijua unaifunga kwenye pampu, unaiacha ivute maji mpaka ipate joto, halafu unaigusa. Kadi nayo niliamua kuifunga mzigo. Nilirarua katoni ya beringi, nikamwambia Nafula aandike juu yake kila kitu tulicholipa mwezi uliopita. Kisha nikamuuliza Dennis, moja moja, hii inahesabiwa ama haihesabiwi?

Mishahara tunatuma kwa simu, haihesabiwi. Ushuru wa serikali, hauhesabiwi. Mafuta ya pikapu, hayahesabiwi. Waya wa shaba, ambao ndio tunaonunua kwa wingi hapa nchini, unahesabiwa, lakini muuza waya wetu wa tauni ukimlipa kwa kadi anaongeza asilimia tatu juu. Ukifuata pointi hapo unanunua tiketi yako kidogo kidogo, tena kwa bei mbaya. Zilizobaki kwenye katoni zilikuwa chache: malipo ya viwanda vya nje, usafirishaji wa kontena, bima, matairi. Na kila ukilipa nje, benki inabadilisha pesa kwa bei yake, sio ile ya kwenye gazeti. Hayo yote Dennis aliyajua. Hakuna hata moja alilolisema kabla sijauliza.

Hata hivyo, Nafula alipiga hesabu akasema kadi nyeusi bado inatoa pointi karibu mara mbili ya nyingine. Nikauliza swali la mwisho.

"Tiketi ikitoka inaandikwa jina la nani?"

"Lako, mzee. Ama mama. Ama watoto."

"Anayesafiri ni huyu hapa. Ni mfanyakazi wangu."

Dennis akamwangalia Rodah, akaniangalia mimi. "Si shida. Fomu ina nafasi ya jamaa. Muandike dada yako. Nani atauliza?"

Rodah hakuinua kichwa kwenye koili. "Dada wa wapi? Huyu Mbukusu, mimi Mmaragoli, na hata sura hatufanani, nashukuru Mungu."

Mafundi wakacheka. Nafula akaninong'oneza, "Baba, ni jina tu kwenye fomu."

Nakiri nilifikiria. Niliichukua kalamu. Rodah akaniangalia mara moja, akasema neno moja nililowafundisha wote: "Kibao."

Nikamrudishia Dennis kalamu yake. Alipoondoka alisahau kitambaa chake cha kupanguzia. Tulikitumia kufutia vanishi tunayopaka koili.

Muuzaji wa pili sitampotezea karatasi. Pointi zake zilikuwa zinakufa zikifika miaka miwili, na yeye aliniita "boss" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo, anaitwa Akinyi, amekuja kwa miguu kutoka stendi na vumbi la Kangemi hadi magotini. Nilimuuliza swali la jina. Akasema, "Mzee, sijui. Nitauliza nirudi." Nikajua hatarudi. Baada ya siku tatu akarudi na karatasi mbili, amepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Kadi yao ilikuwa ya kampuni, sio ya mtu. Pointi zinakaa kwenye jina la karakana, na karakana ikiandika barua kwamba fulani ni mfanyakazi wake, tiketi inatoka kwa jina la huyo fulani. Pointi zilikuwa chache, ada ya mwaka ilikuwa juu kidogo, na kadi yenyewe ilikuwa na rangi ya maharagwe.

Nafula alinuna. "Baba, unaacha mara mbili unachukua nusu."

"Mara mbili kwa nani? Ile nyeusi ingenipeleka mimi. Mimi nimeshaenda mara mbili."

Tulichukua ile ya maharagwe. Niliiweka kwenye mkebe wa beringi ndani ya sefu, na sheria zilikuwa tatu. Tunalipia tu kile tungenunua hata bila kadi. Haiguswi kwa mtu anayeongeza asilimia. Na deni lote linalipwa kabla ya siku yake, lote, kwa sababu riba yao ya mwezi mmoja inameza pointi za miezi mingi. Sheria ya kwanza niliivunja mwenyewe. Mwezi mmoja nilinunua vanishi ya mwaka mzima kwa sababu ya pointi. Ilikaukia kwenye mikebe. Mmeikuta ile mikebe mlangoni, mnakalia.

Ilichukua mwaka na miezi. Siku pointi zilipotimia nilimwita Akinyi, naye akaniambia, "Na zile kodi za tiketi umeziweka tayari?" Kodi gani? Kumbe tiketi ya pointi ina kodi za uwanja wa ndege na ada nyingine, na hizo ni pesa taslimu. Nilitaka kumfukuza. Akafungua ile karatasi yake ya kwanza, akanionyesha mstari mwekundu. Nilikuwa nimeambiwa. Siku ile masikio yangu yalikuwa yamejaa swali moja, sikusikia kingine. Hilo kosa ni langu, sio la benki, na mnajua napenda sana kosa likiwa la benki.

Zile kodi, pamoja na viza na hoteli, zilimeza pesa niliyoiweka kwa nauli yangu, maana nilitaka twende wawili. Kiti kikawa kimoja, na pasipoti yake ilikuwa inaelekea kuisha.

Nikamwambia Rodah ataenda peke yake. Nafula alimtengenezea kadi ya pili yenye jina lake, tukaiwekea kiwango kidogo cha matumizi. Asubuhi ya kuondoka alikuja karakana na sanduku la kuazima.

"Mbona umekunja uso?" akaniuliza. "Unaogopa nitapotea?"

"Naogopa utapewa chai."

"Mimi nimeuza chai miaka tisa, Baba Nafula. Hakuna mtu atanifunga mdomo kwa chai."

Akaenda. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nimekaa dukani tauni, simu ikalia meseji. Kadi ya Rodah imetumika China. Sio hotelini wala kiwandani. Ni jina la duka lisilosomeka, na kiasi kidogo, kama cha viatu vya bei rahisi. Damu ilinipanda. Nikaona mambo mawili: ama ameibiwa kadi, na mwizi anaijaribu kwa kitu kidogo kabla ya kikubwa, ama yuko sokoni anajinunulia viatu kwa kadi ya karakana huku kontena inapakiwa. Mnielewe, nilikuwa nimemjua huyu mama zaidi ya miaka ishirini. Na bado niliwaza viatu.

Nikampigia. Simu imezimwa. Nikapiga benki. Msichana wa huko akasema, "Mzee, tunaweza kuifunga sasa hivi. Lakini ikifungwa hatuwezi kuifungua akiwa huko. Tuifunge?"

Nafula akasema, "Funga, Baba. Haraka."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Kisha nikajiuliza, bila hiyo kadi atalipa hoteli na nini? Atakula nini? Na ninajua nini mpaka sasa? Ninajua jina nisiloweza kusoma na kiasi kidogo. Raundi ngapi, sijui. Waya unene gani, sijui.

"Ngoja," nikamwambia yule msichana.

"Mzee?"

"Nimesema ngoja. Usikate kitu."

Nikamwambia Nafula achungulie simu kila dakika kumi, na ikija meseji ya pili ndipo tufunge. Tulikaa. Wateja wawili walikuja kutafuta pampu, nikawauzia bila kuwasikia. Chai yangu iliota ngozi juu. Meseji ya pili haikuja. Saa nane na kitu Rodah akapiga kwa intaneti ya hoteli, sauti inakatika katika.

"Baba Nafula, umeona meseji?"

"Nimeona. Umenunua nini?"

"Msumeno."

"Nini?"

"Msumeno wa kukata chuma! Walinifungulia mota moja ya juu, shaba safi. Nikasema nataka hiyo ya chini kabisa. Wakasema imefungwa, hawana msumeno. Kiwanda kizima cha mota, hawana msumeno! Nikatoka nje, nikatafuta duka, nikanunua, nikarudi, nikakaa chini nikakata. Sita."

"Na?"

"Mbili shaba. Nne sufuria."

"Walikupa chai?"

"Walileta. Nilioshea mikono."

Mzigo ule aliukataa. Kesho yake alienda kiwanda cha pili kwenye orodha, na msumeno ukiwa ndani ya mkoba, nusu umetokeza. Huko walimpa meza na taa. Alikata tatu, zote shaba mpaka katikati. Akaagiza chache kuliko tulivyopanga, akasimama karibu na kontena mpaka ikapigwa kufuli. Hizo ndizo mota mnazouza sasa. Zikiungua, ni kwa sababu mteja amekausha kisima.

Aliporudi alikuja karakana kabla ya kwenda kwake Kabiria. Aliweka pasipoti kwenye benchi, imefunguka mahali penye muhuri. Nikaitazama muda mrefu. Sikumwambia habari ya viatu. Nafula alimwambia, kama ilivyo kawaida yake, na Rodah alicheka mpaka akakaa kwenye mikebe ya vanishi. Kisha hakuongea na mimi siku mbili.

Msumeno ni ule uliopo kwenye msumari juu ya benchi la tatu. Mnauliza kila siku kwa nini hamruhusiwi kuutumia. Sasa mnajua.

Juzi Dennis amenipigia nyumbani. Yuko benki nyingine, ana kadi mpya, ya rangi ya dhahabu. Akaniambia nimestaafu, sasa ndio wakati wangu wa kuona dunia. Nikamwambia kadi za karakana siku hizi zinaamuliwa na Rodah, aende Kangemi akaongee naye, abebe karatasi zote, na asijaribu kumwita dada.

Amesema ataenda Jumatatu. Mwekeeni nafasi kwenye benchi la tatu, chini ya msumari.